Kitanda cha Dirishani

Dada Yustina, kamwene.

Msalaba wako tumeusimika jana. Umesimama wima, usiwe na wasiwasi, nimeukagua mwenyewe. Fundi alinionyesha lundo la zege akasema mama, mchanganyiko huu ni wa kudumu. Nikamwambia nipe koleo. Nikachimba hadi chini, nikakuta juu saruji, chini mchanga mtupu. Mtu anataka kumsimamishia dada yangu msalaba kwa mchanga! Nikamfanya achanganye upya mbele ya katekista, huku shemeji Alfonsi akijifanya anaangalia kuku. Najua ungesema nini. "Stela, wewe utafukua tenga mpaka kwenye mbao."

Nitafukua, ndiyo. Ungenunua nyanya Ruaha Mbuyuni miaka yote niliyonunua mimi, na wewe ungefukua. Unafunguliwa tenga, safu ya juu nyekundu inang'aa, unatoa pesa yako, unafika sokoni Iringa unakuta chini maji yanachuruzika kati ya mbao. Tangu hapo siamini safu ya juu ya kitu chochote. Si nyanya, si vitunguu, si mtu anayecheka sana, si daktari.

Habari za nyumbani kwanza, usije ukasema nimekuja na shari tu. Kalenga hapajaharibika. Shemeji amejifunza kupika, yaani anachemsha, kila kitu anachemsha. Yule kuku wako mweupe anataga chini ya kitanda chako na hakuna anayethubutu kumfukuza. Mwanao Neema amechukua kile kitenge chako cha zambarau, lakini havai. Nilimkuta amekaa nacho jikoni amekifunika usoni, ananusa. Nikatoka bila kusema neno. Mimi pia nina kanga yako moja nyumbani kwangu Mlandege, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na siifungui ovyo kwa sababu naogopa harufu itaisha.

Lakini sikuacha matenga barazani nikakaa hapa mezani ili nikuhadithie kuku. Nimekaa kwa sababu ya Kabula.

Unamkumbuka alivyoingia wodini, ile hospitali kule Mbeya, amejifunika mablanketi mawili na bado meno yanagongana? Ametoka Ubaruku, bonde la Usangu, kwenye joto na mpunga na ng'ombe wa mumewe. Wazazi wake walihamia huko na mifugo kutoka Usukumani yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wako: doa jeusi unyayoni, likawa kidonda, likapanda hadi kwenye tezi za kinena. Saratani ya ngozi, ile inayochagua nyayo. Yeye mguu wa kulia, wewe wa kushoto. Mkaingizwa wote kwenye utafiti mmoja wa dawa ya dripu, dawa ya kuiamsha kinga ya mwili ipigane yenyewe na saratani. Tuliambiwa dawa hiyo huku kwetu ni adimu, kwamba mmebahatika. Mimi nikiambiwa nimebahatika huwa nashika pochi.

Sijui kama Wahehe na Wasukuma ni watani kweli. Wangoni ndio najua. Lakini nyinyi wawili mliamua wenyewe, hamkuuliza mtu. Siku ya pili tu alificha bakuli lake la nyama, akawaambia manesi wamchunge huyu Mhehe, kwao mbwa wote wameishia chunguni. Ukamjibu kwamba Msukuma hata akikata roho atauliza kwanza kama ng'ombe wamekunywa maji. Wodi nzima ikaangua kicheko, hadi yule bibi wa kitanda cha mwisho ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu tufike. Na mimi nilicheka, sikatai. Nilikuwa namwita dada Kabula. Nilipika pamoja na binti yake kule nyuma, kwenye jiko la wanaouguza, tukapakua sufuria moja.

Halafu ikaja habari ya vitanda.

Yeye alipangiwa kitanda cha dirishani, wewe cha ukutani. Dirisha lile halikufunga vizuri, na Mbeya ya mwezi wa sita unaijua. Kabula alikuwa anatetemeka hadi kitanda kinalia. Asubuhi ukamwambia ahamie kwako, wewe uende kwake. "Mimi wa Iringa, baridi ni shangazi yangu." Nikakukataza. Nikakuambia vitanda vya hospitali vina namba, dada, usivichezee. Ukanijibu kwamba unataka kuuona mlima wa Loleza ukiwa umelala chali, na kwamba mimi niache mambo yangu ya tenga. Ukahamia. Kisha ukanituma uji wa moto, maana wewe na uji uliopoa hamkuwahi kupatana.

Niliporudi na kikombe mkononi nikakuta mifuko ya dripu imeshatundikwa. Mmoja kwako, mmoja kwake. Nesi alikuwa anatoka na sinia lake. Nikasimama pale katikati, uji unaniunguza vidole, nikiangalia mfuko huu, nikiangalia ule. Nilitaka kuuliza. Ukanikonyeza nikae chini nisikuaibishe. Nikakaa.

Na mkabaki hivyo hivyo kila tuliporudi Mbeya kwa dripu nyingine. Yeye ukutani, wewe dirishani.

Wewe hukutaka kuyatazama yaliyofuata, lakini mimi niliyaona yote. Kidonda cha Kabula kikaanza kukauka pembeni, kikajikunja, kikaziba. Tezi zikanywea. Chako kikafanya kinyume. Kila tulipofungua bandeji nilikuwa naangalia uso wa nesi kwanza kabla ya kuangalia mguu, na uso wa nesi ulikuwa unanijibu. Mpaka ikafika hatua daktari akasema turudi tu nyumbani, dawa haijafanya kazi kwako. Alisema hivyo tu, dada, haijafanya kazi, kama anaongelea balbu.

Basi mimi nikapiga hesabu yangu njia nzima ya kurudi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, wewe umelaza kichwa begani kwangu. Kitanda cha ukutani kilikuwa chako. Mfuko ulioletwa kitanda cha ukutani ulikuwa wako. Aliyelala ukutani amepona. Nilipofika Iringa nilikuwa nimeshahukumu.

Halafu na wewe ukanichanganya. Siku zile za mwisho, sauti imebaki nusu, ukaniambia, "Usimwonee Kabula." Kwa nini useme hivyo? Mtu hamtetei mtu ambaye hajashtakiwa, na mimi sikuwa nimetamka shtaka langu mbele yako hata mara moja. Nikasema aha, kumbe dada naye anajua. Amejua na amenyamaza, kwa sababu ndivyo alivyo, angemwachia mtu hata pumzi yake kama angeombwa vizuri. Nilikukasirikia, dada. Nilikuwa nakufuta jasho huku nimekukasirikia.

Kabula alikuja kukuzika. Alikuja anatembea, kwa miguu yote miwili, amevaa raba nyeupe. Nikamwona anakanyaga udongo wa kaburi lako kwa unyayo uliopona, nikageuka upande wa pili. Alinyoosha mkono wa pole, nikajifanya nafunga kanga. Baada ya msiba alipiga simu sana. Sikupokea. Kwenye simu yangu nilikuwa nimemwandika Dada Kabula, nikafuta, nikaandika Msukuma.

Sasa sikiliza. Miezi ikapita, ikaja simu nyingine, ya yule daktari msichana wa Kinyakyusa, Daktari Atupele, yule uliyekuwa unamsifia kwamba ana mikono ya moto. Akasema ana majibu ya kile kipande. Nikamuuliza kipande gani. Akanieleza. Ndipo nikajua, dada, kwamba ulikubali wakate kipande cha uvimbe wako kibaki kwao kwa ajili ya utafiti, ukatia sahihi, na mimi mdogo wako niliyekuwa nakuogesha hukuniambia! Sehemu ya kile kipande ilisafirishwa kwa ndege kwenda kwenye maabara ya nje. Wewe mwenyewe hukuwahi kupanda ndege. Unyayo wako umepanda.

Nikasema nakuja. Nikapanda basi la asubuhi nikiwa na maneno yangu yote nimeyapanga, na nia yangu ilikuwa moja: wanieleze mfuko wa nani ulitundikwa kwa nani, wanipe kipande changu, nikakizike Kalenga mahali kinapostahili.

Akanipokea vizuri mno, na hilo peke yake likanitia shaka. Akaniletea soda. Mtu anayekuletea soda kabla hujauliza swali ana jambo. Sikuinywa mpaka nikaona ameifungua mwenyewe mbele yangu. Nikamwaga yote: vitanda, dirisha, uji, mifuko. Nilidhani atababaika. Hakubabaika. Akasema nesi hatazami kitanda, anatazama kile kitepe cha jina mkononi mwa mgonjwa, anamtajia jina lake, mgonjwa anaitikia. Nikamwambia, na akisinzia? Akasema hata angesinzia, dawa ilikuwa ile ile. Mifuko yote miwili, dawa moja, kopo moja. Wewe na Kabula mlikuwa na uzito unaokaribiana, hata kiasi kilikuwa sawa. Ingebadilishwa isingebadilisha kitu.

Nilikuwa sijajiandaa kwa jibu hilo. Nikamuuliza, kama dawa ni moja na ugonjwa ni mmoja, kwa nini mmoja amepona na mwingine nimemzika?

Hapo akavuta kiti. Nakuambia nilivyoshika, yawezekana nimepindisha. Ndani ya kila seli ya mwili kuna maagizo makuu ambayo hayatoki mahali pake. Kinachotoka ni nakala, zinaitwa RNA, zinapelekwa kufanyiwa kazi. Juu ya nakala hizo mwili unaweka vialama vidogo mno, na alama ndiyo inayoamua nakala isomwe zaidi au itupwe. Viko vitu vinavyoweka alama, na viko vitu vinavyozifuta. Katika kipande chako, akasema, wafutaji walikuwa wamezidi kupita kiasi. Nakala zilizotakiwa kutupwa zikabaki zinasomwa, na zilikuwa nakala mbaya, zinazousaidia uvimbe kujificha na kuwachosha askari wa mwili. Dripu kazi yake ni kuwaamsha askari. Wako waliamka, hawakufika popote. Katika kipande cha Kabula, maana naye alikubali kukatwa, wafutaji walikuwa wachache, uvimbe ukabaki uchi, askari wakauona.

Nikamuuliza nani aliwazidisha hao wafutaji kwa dada yangu. Akasema hakuna mtu, ni uvimbe wenyewe unavyojitafutia maisha. Nikamuuliza una uhakika? Nikamkazia macho, dada, kama ninavyomkazia mwenye shamba. Akasema hapana. Akasema vipande vilivyotazamwa ni vichache, huenda kuna sababu nyingine wasizozijua zilizochangia, ndiyo maana bado wanatafuta, na kwamba wako watu duniani wanaotafuta dawa ya kuwazuia wafutaji ili dripu ije ifanye kazi kwa wagonjwa wa namna yako. Lakini leo, akasema, hana dawa hiyo.

Nikwambie ukweli? Hapo nilimwamini kidogo. Mwenye shamba akikuambia mwenyewe kwamba chini kuna zilizopondeka, unapunguza kufukua. Kidogo tu, si sana.

Akanionyesha kilichobaki. Nilitegemea chupa, damu, sijui nini. Kumbe ni kidonge cha nta, kidogo kuliko kipande cha sabuni, na katikati kuna doa. Ndiyo wewe, dada. Nilikinusa. Hakina harufu yoyote. Nikakishika kiganjani nikaanza kulia pale pale, tena kilio cha makamasi, mbele ya soda yangu. Daktari Atupele akasema ni haki ya familia, nikitaka nikichukue, ila kikibaki wataendelea kukiuliza maswali. Nikamwambia kikae kwanza, nitarudi na jibu. Sikutaka kutoa jibu nikiwa nalia, mtu akilia anapunjwa.

Nikarudi Mlandege na shaka yangu, imepungua lakini ipo. Nilisema sawa, labda dawa ilikuwa moja. Lakini kwa nini yule Msukuma ameacha kupiga simu? Alikuwa anapiga kila Jumapili, halafu kimya. Mtu asiye na hatia hanyamazi. Na shemeji alipotangaza siku ya msalaba, akasema amemwalika na Kabula, niliona kama ameniwekea kokoto kwenye ugali.

Amekuja jana. Ameleta mchele wa kwao, gunia zuri, amebebewa na bodaboda kutoka barabara kuu. Kila mtu anashukuru, mama asante, mama umetuheshimu. Mimi nikafungua gunia nikazamisha mkono hadi begani. Nilitafuta mawe. Nilitafuta chenga. Dada, ulikuwa mchele mzuri hadi chini kabisa, na nilikasirika zaidi.

Lakini jicho langu halilali. Nikaona mambo mawili. La kwanza, hakutania. Mtani amefika msibani, watu wa Kalenga wote wanasubiri afanye vituko vyake, alalie shimo, aibe kofia ya katekista, alie kilio cha uongo. Amekaa kwenye kigogo karibu na banda la ng'ombe, hali, hanywi hata togwa, anaangalia chini. La pili, anachechemea. Kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Mguu wa kulia.

Nikamfuata. Nikamwambia njoo huku nyuma, tukaenda nyuma ya banda. Nikamwambia, unaficha nini wewe? Vua kiatu.

Akatetemeka vile vile kama siku ile ya baridi. Akavua. Kovu lipo, limekauka vizuri, na pembeni ya kovu kuna doa jipya. Jeusi. Dogo kama punje ya mtama.

Nikamuuliza Mbeya wamesemaje. Akasema hajaenda. Tangu akuzike hajakanyaga kliniki, dripu zote walizompangia amezipita, simu za hospitali hapokei. Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia kwa nini, umerogwa? Na yeye akanijibu kwa sauti ndogo, dada, kile Kiswahili chake kinachoimba: "Mdogo wangu, ile dawa haikuwa yangu. Ilikuja kitanda cha dada yako. Nimekula uzima wake, sasa nirudi nikaongeze?"

Ee Mungu wangu. Nilishika ukuta wa banda.

Alikuwa na hesabu ile ile yangu. Kitanda kile, mfuko ule, aliyelala ukutani. Miezi yote mimi nimekaa Mlandege namhukumu, na yeye amekaa Ubaruku anajihukumu, na hukumu yake ilikuwa kali kuliko yangu, kwa sababu mimi nilimnyima salamu tu, yeye alijinyima dawa. Nikaelewa na lile neno lako, "Usimwonee Kabula." Alikuwa ameshakueleza hofu yake pale wodini, akanithibitishia jana. Ulimwambia ni upuuzi. Hakukuamini. Ukaona bora uniambie na mimi, ukijua tungekuja kufanana.

Unajua nilifanya nini? Nilimfokea. Nilifoka hadi ng'ombe wakasogea. Nikamwambia dawa ilikuwa moja, wewe mwanamke, moja, kopo moja, ungelala dirishani ungelala juu ya paa ungepona! Haelewi. Analia, anatikisa kichwa. Nikaanza habari ya nakala na alama, nikajichanganya, nikaona hapana, hapa naongea kama daktari, na daktari mwenyewe nilimwelewa kwa shida.

Nikamchukulia mkaa jikoni. Nikamwambia tazama. Sisi pale Ruaha Mbuyuni tenga likioza tunalichora msalaba wa mkaa, maana yake lisipakiwe, litupwe. Sasa akipita mtu na kitambaa akafuta ule mkaa, wapakizi watajuaje? Watapakia. Tenga bovu litapanda gari na mazuri, litaozesha mzigo wote, na hakuna mpakizi mwenye kosa. Ndani ya uvimbe wa dada yangu kulikuwa na vitambaa vingi vya kufuta. Kwako vichache. Basi! Dada hakukupa uzima wake, hakuwa na namna ya kukupa. Alikupa upande wenye joto, ndicho alichokupa, na wewe unataka kufa nacho?

Watu walikuwa wameshajaa, wanadhani tunapigana. Shemeji ameshika fimbo ya ng'ombe, hajui ampige nani. Na mimi nimesimama na mkaa mkononi, ukuta wa banda umejaa misalaba niliyochora na kufuta, nikajisikia ninavyosema maneno yale ya Daktari Atupele kwa uhakika ambao yeye mwenyewe hakuwa nao. Mimi! Ambaye sijayaamini yote hadi leo. Lakini nilimwona huyu mtu anaondoka kwa miguu yake kwenda kufa, na sikuwa na kitu kingine cha kumfungia mlango.

Kabula akaangalia ule ukuta muda mrefu. Akafuta pua. Akavaa kiatu chake akaniuliza kama kwenye vile vitambaa vya kufutia wamemkuta na mbwa, kwa sababu kwa Mhehe lolote laweza kukutwa.

Dada, nilicheka hadi nikakaa chini kwenye samadi.

Akatoka pale akaenda moja kwa moja kaburini, akaukalia msalaba ukiwa bado umelazwa chini. Akasema hausimikwi. Akasema huyu Mhehe alimwachia kitanda chenye joto akadhani amemaliza, kumbe wanadaiana mbwa mmoja mnono, na bila mbwa haondoki pale. Katekista anamsihi, fundi anasema zege inaganda, watoto wanacheka, shemeji analia na kucheka pamoja. Mwishowe Neema akamletea kuku wako mweupe, akamwambia mama, mbwa wetu ndiye huyu. Akamkagua meno. Akakubali, akamrudisha palepale, akanyanyuka. Ndipo msalaba ukasimama, na yeye akashika upande mmoja, mimi upande mmoja.

Kwa hiyo kile kidonge chako cha nta nimeamua kikae kule kule. Kama una chuki na hilo nitokee ndotoni useme. Nimempigia Daktari Atupele leo asubuhi nikamwambia waendelee kukiuliza, ila wakipata jibu lolote wanipigie mimi kwanza, na waniambie na yale wasiyoyajua. Akakubali. Nikamweleza na habari ya doa. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema hajui kama dawa itafanya kazi tena, alete mguu haraka.

Jumatatu nampeleka. Amelala kwangu hapa Mlandege, namsikia anakoroma chumba cha pili, jua lote hili. Kwenye simu nimemrudisha, Dada Kabula.

Lala sasa, dada yangu. Sikufichi, bado nina shaka. Naitilia shaka dawa, nalitilia shaka hilo doa, namtilia shaka hata Mungu siku nyingine, na nitamuuliza tukionana. Lakini nakuahidi hili. Akilazwa wodi ile nitaomba alale ukutani, na dirishani nitaning'iniza blanketi langu. Nesi akija na mfuko nitasimama. Nitasoma jina kwenye mfuko, nitasoma jina kwenye kitepe, nitamwambia alitaje kwa sauti, na Kabula aitike nisikie. Kisha nitakaa kwenye lile benchi nitazame tone kwa tone hadi mfuko unywee.

Atataka uji, najua, wagonjwa wote mna hila hiyo. Uji upoe. Safari hii sitoki.

Mdogo wako,
Stela